Aliyekufa Haketi Mezani

Darla Halverson alisimama katikati ya njia ya kuingilia gari, koleo la theluji mkononi, akakataa kusogea. Curt alikanyaga breki, akateremsha kioo cha pikapu na kutoa kichwa nje.

"Shemeji, nikugonge?"

"Geuza gari. Rudi nyumbani."

"Leo Jumamosi."

"Najua leo siku gani. Mpigie simu, mwambie unaumwa. Mwambie kuna bomba limepasuka kwa mteja. Fundi bomba mzima unashindwa na uongo wa bomba?"

Curt alizima injini. Pembeni yake alikaa Stosh, mstaafu wa kiwanda cha karatasi, mtu wa kilo nyingi na maneno machache, amepakata sufuria ya maharage na nyama ya kulungu. Wawili hawa walikuwa wakija katika nyumba hiyo kila Jumamosi tangu enzi walipokuwa na nywele kichwani, na hawakuwahi hata siku moja kuzuiwa mlangoni. Stosh aliinamia mfuniko wa sufuria yake kama mtoto aliyekaripiwa.

"Daktari kamkataza Merle kuongea," Darla alisema. Alijaribu kusema taratibu, sauti ikampanda. "Koo limevimba. Kila neno linamchubua. Jumatatu wanamtoa zoloto, sanduku la sauti, Curt. Lote. Hatabaki na sauti ya kukwaruza wala ya kunong'ona. Basi, imekwisha."

"Yeye ndiye katuita."

"Najua ni yeye!"

"Kasema vimebaki vyumba vichache tu. Tumeshuka mle miaka mitatu sasa, shemeji. Kasema hataki kutuacha chini."

"Na mimi ananiacha wapi?"

Curt aliutazama usukani. Ndani ya nyumba pazia lilisogea, na Merle akaonekana dirishani, shali shingoni, anawapungia mkono waingie kwa furaha ya bwana harusi. Darla aliona haya, maana hakuna mke anayependa kukutwa akiwafukuza rafiki za mumewe. Akasogea pembeni, akaanza kuparua saruji mahali ambapo theluji ilikuwa imekwisha kuondolewa asubuhi.

*

Kwa asiyeujua, mchezo wao ulikuwa wa mezani. Mmoja, ndiye mwongozaji, hushika kitabu cha mkasa kilichonunuliwa dukani, hukificha nyuma ya ukuta mdogo wa kadibodi, na kuwaambia wenzake wanaona nini: ukumbi, ngazi, mlango wa chuma. Wenzake kila mmoja ana mtu wake wa karatasi, naye husema mtu huyo anafanya nini. Palipo na hatari, dadu huamua. Vitabu hivyo huuzwa nchi nzima, na katika jimbo lile la baridi yalikuwepo makundi chungu nzima yaliyoshuka katika mahandaki yale yale na kukutana na mazimwi yale yale. Tofauti ilikuwa nani katoka na nani kabaki.

Mtu wa Curt alikuwa askari wa shoka aitwaye Brund. Wa Stosh alikuwa kasisi. Darla alikuwa na Tansy, mwizi, mfungua makufuli na mtegua mitego, ambaye alimwanzisha akiwa bibi harusi mpya na hakuwahi kumbadilisha. Mwongozaji alikuwa Merle, siku zote Merle, na nyumbani kwake zilikuwako sheria. Maneno yaliyochapishwa ndani ya kisanduku kila mwanzo wa chumba yeye huyasoma kama yalivyo, haongezi na hapunguzi. Dadu hutupwa waziwazi, kila mtu aone. Na aliyekufa haketi mezani. Mtu wako akifa, unainuka hapo hapo, unakwenda jikoni kushughulikia chakula, kwa sababu maiti hasikii wala hatoi ushauri. Miaka yote hiyo kifo kilipomkuta mtu, Merle alisema maneno mawili tu: "Amekufa. Inuka."

Ndivyo alivyokuwa hata nje ya mchezo. Merle alifanya kazi ya kupima magogo kiwandani, na maneno yake kwa mkewe yalikuwa "sawa", "chakula kizuri" na "umefunga mlango wa nyuma?" Hakuwa mtu mbaya. Alichimbua gari la Darla kwenye theluji kabla hajaamka, alimchemshia maji ya miguu, na siku mama yake Darla alipozikwa alisimama kando yake tangu asubuhi mpaka jioni bila kufungua mdomo. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, ya kujaza chumba, na aliitumia kwa mazimwi.

Alhamisi ile walikuwa wamekwenda hospitali kwa maelekezo. Muuguzi, binti mchangamfu, alionyesha kibomba kitakachokaa shingoni na jinsi ya kukisafisha, akawa anamwambia Darla kila kitu. Alipomgeukia Merle alipaza sauti kama anasema na kiziwi. "WATU WENGI HUREKODI SAUTI YAO, BABA! KWA AJILI YA FAMILIA!" Merle aliitikia kwa kichwa, masikio mekundu.

Usiku ule Darla aliweka simu juu ya meza, akabonyeza kitufe, akatoka chumbani ili asimtie haya. Aliporudi akakuta amerekodi kidogo sana. Alisikiliza bafuni, mlango ameufunga. "Halo," ilisema ile sauti. "Mimi Merle." Kikafuata kimya kirefu, kiti kikalia, halafu akasikika akisoma maandishi ya kwenye kopo la kahawa, kuanzia jina mpaka namna ya kuhifadhi. Darla aliketi pembezoni mwa beseni la kuogea akalia kwa hasira. Alitaka aambiwe kitu. Hakujua hasa kitu gani, ila alijua kwamba baada ya Jumatatu hakitasemwa tena.

*

Mezani walikaa palepale pao pa siku zote. Merle alifungua kitabu nyuma ya kadibodi, akalainisha koo kwa maji ya uvuguvugu, akaanza kusoma.

"Mlango unafunguka kwa mlio," alisoma. "Mbele yenu mna ukumbi wa mawe meusi." Sauti ilikuwa kama kiatu kinachoburutwa juu ya kokoto, lakini ilikuwa yake bado.

"Nasikiliza kwanza," Curt alisema.

"Husikii kitu."

"Napapasa sakafu kwa ule mti mrefu. Kila jiwe."

"Kila jiwe?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuumiza Darla. Merle mwenyewe aliwafundisha kutofungua mlango bila kuusikiliza, kutogusa kitu bila kuuliza, na sasa kila swali lao la tahadhari lilidai jibu, na kila jibu lilitoka kwenye koo lile. Dari iko juu kiasi gani? Maandishi ya ukutani ni ya lugha gani? Upepo unatoka wapi?

"Kuna harufu gani?" Stosh aliuliza.

"Harufu!" Darla aliruka. "Stosh, wewe utakuja kufa kwa kunusa. Mnataka ajibu na rangi ya vumbi?"

"Vumbi ni rangi gani?" Curt alidakia.

Merle akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukoma, akajiziba kwa kitambaa cha karatasi mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza alikikunja kile kitambaa haraka na kukisukuma chini ya kitabu. Wanaume walikuwa wameinamisha macho kwa adabu. Darla hakuinamisha, na aliiona damu.

"Tupumzike," alisema.

Merle akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye kitabu, akasoma chumba kilichofuata. "Katikati ya chumba pana meza ya jiwe. Juu yake pana bakuli la fedha, na ndani ya bakuli maji meusi yasiyotikisika."

Hapo ndipo wazo lilipomjia Darla, jepesi na baya. Milango yote iliyobaki ilikuwa na makufuli, na mwenye kufungua makufuli alikuwa Tansy peke yake. Tansy akifa, hawa wawili hawana pa kwenda ila kurudi juu. Mchezo ungekwisha sasa hivi. Wangekula, wangeaga, na jioni nzima ingebaki, na kesho yote, na chembe ya sauti iliyosalia ingekuwa yake.

"Nakunywa," alisema.

Curt aligeuka. "Unasemaje?"

"Tansy anachukua bakuli, anakunywa maji."

"Shemeji, we mzima? Hata hujayachungulia! Maji meusi, kwenye bakuli, chini ya ardhi—"

"Mtu wangu au wako?"

Merle alimtazama juu ya kadibodi. Macho yake yalikuwa ya buluu iliyofifia, na Darla alishindwa kuyakabili, akaitazama karatasi ya Tansy iliyochakaa kwa kufutwafutwa. Kila mwongozaji ana swali moja analomuuliza mchezaji anayekaribia kufanya upumbavu, na Merle huliuliza mara moja tu.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Darla," Stosh alisema polepole. Huyu hakuwa na kawaida ya kumwita jina. "Usifanye hivyo."

Merle akausukuma mkono wa Darla kuelekea dadu, ishara kwamba atupe. Lile dadu la nyuso ishirini lilibingirika, likagonga sufuria ya maharage, likatulia mbele ya macho ya wote. Tatu, ndogo mno kumwokoa Tansy. Hakukuwa na cha kubishana.

Darla alisubiri yale maneno mawili. Merle alifungua mdomo, hakuyasema. Alibaki tu anamtazama. Basi Darla, ambaye sheria za nyumba yake alizijua, aliinuka mwenyewe, akakirudisha kiti mahali pake, akaenda jikoni.

*

Kati ya jikoni na chumba cha kulia palikuwa na dirisha pana la kupitishia sahani, wazi siku zote. Darla aliwapa mgongo, akawasha jiko, akamimina mafuta ya kukaangia vipande vya jibini. Moyoni alikuwa na furaha ya wizi. Nimemaliza, alijiambia. Watapanda kurudi juu, watakula, wataondoka.

Ndipo aliposikia ile sauti ikianza tena.

Haikuwa ikisoma. Ilikwenda chini chini, ikasimama, ikaenda. Darla alikaza shingo asigeuke. Anasema nini tena huyu? Mtu amekufa, amekufa. Angemsikia Curt akilalamika angeelewa, lakini ilikuwa sauti moja tu, ya Merle, inakwaruza neno baada ya neno, sentensi nzima nzima, inajimaliza kwa ajili ya bakuli la kwenye kitabu. Hasira ikampanda mpaka utosini. Nimemuua Tansy wangu ili anyamaze, na bado anaongea!

Akanyoosha mkono, akawasha feni ya moshi iliyo juu ya jiko. Sauti ikapenya bado. Akaipandisha feni mpaka mwisho, akatumbukiza jibini kwenye mafuta, na jiko zima likawa mvumo na mchachariko. Hakutaka kusikia vile inavyopotea. Alisimama hapo, midomo ameibana, akigeuza vipande ambavyo havikuhitaji kugeuzwa, mpaka vikaiva kupita kiasi.

Alipoingia na sahani, ukuta wa kadibodi ulikuwa umelazwa chini. Kitabu kimefungwa. Curt alikuwa amevua kofia na kujifunika nayo uso, mabega yanamcheza. Stosh alimtazama Darla kwa namna ambayo hajapata kumtazama, kisha akainuka akampokea sahani kwa mikono miwili.

"Jamani," Darla alisema, "ni mwizi wa karatasi. Nitachora mwingine."

Merle alimgeukia, akasogeza midomo kusema kitu, pengine asante ya chakula. Ilitoka hewa tupu. Akajaribu tena, hewa. Akaligusa koo, akatabasamu kama mtu aliyefika, akavuta sahani.

*

Jumapili nzima haikutoka hata sauti ya kikohozi. Darla alipika, alifua, alipanga mkoba wa hospitali, akaupangua, akaupanga tena. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote makali, na aliyameza kwa sababu humtukani mtu anayekwenda kuchinjwa shingo kesho yake. Merle alimfuata chumba kwa chumba, mtulivu, mwepesi, kama aliyetua mzigo. Walipokaa kutazama theluji ikianguka uani, alimshika mkono. Darla aliuacha mkono wake hapo, haukushika wala haukutoka. Umeyatumia yote, aliwaza. Umewapa wao.

*

Jumatatu, walipokwisha kumwingiza Merle chumba cha upasuaji, Curt na Stosh walitokea ukumbi wa kusubiria wakiwa na makoti yao ya kanisani. Curt alikuja na kahawa. Walikaa mmoja huku na mmoja huku. Ng'ambo yao mama mmoja alikuwa akifuma soksi.

"Shemeji," Stosh alianza, anakizungusha kikombe. "Nikwambie kitu. Mke wangu marehemu angeambiwa na mimi hata nusu ya yale. Hata robo. Nisingekuwa na deni naye."

"Yale yapi?"

"Ya juzi. Aliyosema Merle."

"Alisema nini?"

Stosh akamtazama Curt. Curt akaweka kahawa chini.

"Ulikuwa pale," Curt alisema. "Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anakutazama wewe muda wote. Sisi hata hakutuona."

"Niliwasha feni."

"Feni?"

"Feni ya moshi, Curt! Niliiwasha mpaka mwisho! Alisema nini?"

Uso wa Curt ulibadilika. Akajikuna shingo. "Alianza... alianza na Tansy anavyoanguka. Halafu haikuwa Tansy tena. Hakumtaja jina. Alisema habari za mikono. Mikono yako, sasa, si ya mtu wa karatasi. Kwamba aliiona kwanza ikifanya kitu... Stosh, ikifanya nini?"

"Ikifungua kitu."

"Kopo? Mlango?"

"Haikuwa mlango."

"Na koti la kijani," Curt alisema haraka, kama anaogopa litamtoka. "Palikuwa na koti la kijani, na daraja, na wewe unacheka, naye hajui acheke au akimbie. Na kuhusu asubuhi. Kwamba kila asubuhi huwa... Mungu wangu. Aliisema vizuri, shemeji. Kama kisanduku cha kwenye kitabu, lakini kitabu kilikuwa kimefungwa."

"Kila asubuhi huwa nini?"

"Sikumbuki."

"Kumbuka!"

Darla alikuwa amemkamata mikono ya koti, anamtikisa mtu mzima mwenye miaka sitini na kitu, na Curt anaachia atikiswe. Yule mama wa soksi alisimamisha sindano zake. Mhudumu wa mapokezi akainuka nusu, akauliza kama kuna tatizo.

"Mimi nafungua mabomba, Darla," Curt alisema, sauti imemkatika. "Sina maneno ya vile. Nilikuwa nalia. Hukai kushika maneno ukiwa unalia."

Akamgeukia Stosh. Stosh alikuwa amefumba macho, anajitahidi, jasho limemtoka kwenye paji la uso. Alikaa hivyo mpaka Darla akaanza kutumaini.

"Alisema ulikuwa na joto," Stosh alisema mwishowe. "Hapana. Alisema vizuri zaidi ya hivyo."

Darla akaliachia koti. Alimnyooshea Curt mikunjo kwa kiganja, akaomba radhi kwa mhudumu wa mapokezi, akaketi. Koti la kijani alilijua. Daraja alilijua. Hakujua kwamba Merle naye alikuwa akivijua miaka yote hiyo, na alichokijua juu yake kilipita mgongoni kwake, hatua chache tu, akakizima kwa kidole.

*

Siku ya pili walimruhusu Darla kuingia. Merle alikuwa ameinuliwa kwa mito, shingo yote bandeji, na katikati yake kibomba kilichokuwa kikivuta na kutoa pumzi kwa mlio wa mluzi mdogo. Alikuwa amevimba uso, hakufanana na mtu yeyote. Lakini macho yalikuwa yale yale ya buluu, na yalipomwona yakachangamka.

Muuguzi alimpa ubao mdogo mweupe na kalamu. "ANAWEZA KUANDIKA SASA!" alitangaza, akatoka.

Darla alivuta kiti. Njiani kote alikuwa amejipanga kumwambia ukweli: Sikusikia, Merle, niliwasha feni, niandikie. Niandikie yote, tuna muda, nitakaa hapa na kusoma. Tayari alikuwa amefungua mdomo.

Merle aliinua kidole, asubiri kwanza. Akaandika taratibu, herufi zinapanda na kushuka. Akaugeuza ubao.

*Jumamosi. Ulisikia yote?*

Alimtazama usoni, na Darla aliona kwamba anaogopa. Mtu huyu hakuogopa kisu, hakuogopa kibomba, ila jibu hili alikuwa akilingoja tangu afumbue macho.

"Nilisikia," Darla alisema.

Merle hakushusha macho.

"Kila neno," akasema. "Nilisimama pale jikoni nikasikia kila neno."

Kifua cha Merle kikashuka. Akaufuta ubao kwa kiganja, akaandika tena, safari hii kwa herufi ndogo zaidi.

*Afadhali. Nisingeweza mara ya pili.*

Kisha akaiweka kalamu, akamshika mkono, akafumba macho. Darla aliushika ule mkono kwa nguvu zake zote. Kibomba kiliendelea na mluzi wake, na alipohakikisha kwamba mumewe amelala, aliinama karibu na mdomo wake, akakaa hivyo anasikiliza.